Utalii wa Kilimo Bondeni: Mwongozo kwa Wakulima Wanaotaka Kuanza

Utalii wa kilimo ni mkulima kupokea wageni shambani kwake kwa malipo. Mgeni anaona kazi, anaishika kidogo, anaonja na kununua kilichotoka pale, na pengine analala. Fedha yake inaongezeka juu ya fedha ya mazao, na inaweza kuja hata miezi ambayo ghala ni tupu. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba bonde linalolimwa vizuri linaweza kuwapa vijana wake sababu ya kubaki, na kwamba wageni ni sehemu ya sababu hiyo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa majirani wa bonde moja, si kwa mwenye shamba mmoja anayetaka kuanza peke yake. Bondeni, kile anachokifuata mgeni hakina mwenyewe mmoja. Akisimama kwenye shamba lako anatazama mashamba ya wenzako ng'ambo ya mto. Maji yanayopita kwako yametoka kwa jirani wa juu na yanakwenda kwa jirani wa chini. Njia aliyopita ni ya wote. Jirani wa juu akimwaga taka mtoni, hasara ya jina ni ya bonde zima.

Matuta ya mpunga ya milima ya Cordillera, Ufilipino, yanaonyesha jambo hili kwa uzito wake. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995. Mwaka 2001 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa humo hadi 2012. Watu walikuwa wakiondoka, matuta yakitelekezwa, kuta zikibomoka na mifereji ikikosa wa kuizibua. Sifa ya dunia nzima haikuyashikilia; yalihitaji watu wa kuyalima. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ipimeni kwa swali moja: je, inampa mkulima nguvu ya kuendelea kulima, au inamtoa shambani?

Hatua ya 1: Kubalianeni kwamba shamba linabaki shamba

Italia iliweka sheria ya kitaifa ya utalii wa kilimo mwaka 1985, ikaiandika upya mwaka 2006. Sheria hiyo inadai kilimo kibaki shughuli kuu ya anayepokea wageni, na kipimo chake kikubwa ni muda wa kazi: saa zinazokwenda shambani zizidi zinazokwenda kwa wageni. Mwenye wageni wasiozidi 10 huhesabiwa bila mjadala kuwa bado mkulima.

Hata kama nchi yenu haina sheria ya namna hiyo, kipimo hicho kichukueni. Kila kaya itakayopokea wageni iwe na daftari, na kila jioni iandike hesabu mbili tofauti: saa za shamba na saa za wageni. Saa za wageni zikianza kuzikaribia za shamba, acheni kuongeza ziara, gawieni majirani. Mgeni alikuja kuona shamba linaloendeshwa. Siku atakayokuta mistari michache ya mazao iliyopandwa kwa ajili ya picha, hatarudi, na hatamwambia mtu mwingine aje.

Hatua ya 2: Tembeeni bonde lote kwa miguu

Kabla ya mkutano wowote wa kuchagua mwenyekiti, tembeeni. Anzeni juu kabisa, kwenye chanzo au kwenye banio la kwanza, pale maji ya mto yanapoelekezwa mferejini, mshuke hadi bonde linapofunguka. Wawepo mzee anayejua historia ya maji, mama anayelima kila siku, kijana mwenye simu ya kupiga picha na kurekodi njia, na mtu mmoja ambaye hakuzaliwa hapo. Huyo wa mwisho msimwache. Ninyi mmezoea; yeye ndiye atakayesimama na kuuliza, "Hiki ni nini?" Kila anaposimama, andikeni.

Andikeni kazi kuliko vitu. Wengi hurudi na orodha ya maporomoko, miamba na miti mikubwa. Hayo yana nafasi yake, lakini maporomoko yapo sehemu nyingi, na mtu akishayapiga picha amemaliza. Kazi haiishi. Chukua zamu ya maji. Alfajiri mtu anashuka na jembe begani hadi mahali mfereji unapogawanyika. Anainua ubao, anang'oa bonge la udongo na majani lililoziba upande mmoja, analikandamiza upande wa pili kwa unyayo, na maji yanageuka. Yanasimama kidogo, kama yanayofikiri, kisha yanaanza kukimbia kwenye mtaro uliokuwa mkavu, yakisukuma majani makavu mbele yake. Wewe umeona hilo tangu utotoni. Mgeni aliyezoea bomba hajawahi kuona maji yakigawanywa kwa makubaliano ya watu, na atakuwa na maswali ya nusu saa: nani anaamua zamu, ikitokea mtu ameiba maji usiku inakuwaje, kiangazi mnafanyaje.

Tembeeni tena msimu mwingine. Njia iliyo kavu na laini wakati wa kiangazi inaweza kuwa utelezi mtupu mvua zikianza, na kivuko cha mawe kinaweza kisionekane kabisa.

Kutokana na matembezi hayo tengenezeni kalenda ya miezi 12. Kwa kila mwezi: kazi gani inafanyika, kwa nani, mgeni anaweza kuishika au ni ya kutazama tu, na je, kaya ina nafasi. Kuna wiki ambazo kila mkono unahitajika shambani, kwa mfano kupanda mvua za kwanza zinapoanguka. Wiki hizo zifungeni. Ziandikwe kabisa kwenye tangazo kwamba bonde halipokei wageni. Kufunga kunawafanya wageni waamini kwamba mnacholima mnakilima kweli.

Hatua ya 3: Undeni kikundi, na mfuko wa bonde

Kikundi chenye katiba fupi, daftari la fedha na akaunti inayohitaji saini zaidi ya moja, hayo mnayajua kutoka kwenye ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa. Sitayarudia. Ninachotaka mkitazame kwa makini ni mambo matatu yanayovunja vikundi vya utalii.

La kwanza ni nani anapata mgeni. Shamba lililo karibu na barabara litapata wageni wote msipoweka zamu. Wekeni namba moja ya simu ya kuweka nafasi, na mshika simu afuate orodha iliyobandikwa mahali pa wazi. Mgeni akiomba shamba fulani kwa jina, apewe, lakini shamba hilo lihesabiwe limetumia zamu yake. Kugombania wageni njiani kupigwe marufuku tangu siku ya kwanza, pamoja na kupunguziana bei chini ya ile mliyokubaliana.

La pili ni wasiopokea wageni kabisa. Kuna jirani ambaye hataki watu kwake, na ana haki. Lakini ni yeye anayelima ule mteremko ambao kila mgeni anaupiga picha. Asipopata chochote, ataona wageni kama usumbufu, na siku moja ataziba njia. Kwa hiyo kila mgeni alipe ada ya bonde, tofauti na malipo ya shamba, na ada hiyo iingie kwenye mfuko wa kutengeneza vitu vya wote: mfereji, njia, madaraja ya miguu, kuta za matuta. Pwani ya Cinque Terre huko Italia, ambako matuta ya mizabibu yameshikwa na kuta za mawe zisizo na saruji, watembeaji hulipia kadi ili kupita kwenye njia zinazopendwa zaidi. Wazo ni lile lile. Jirani asiyepokea wageni akiona mfereji wake umezibuliwa kwa fedha ya wageni, atawasalimia.

La tatu ni njia zenyewe. Kila njia inayopita kwenye ardhi ya mtu ipate ridhaa yake kwa maandishi, ikitaja upana, miezi ya kupita, na atakayelipa mazao yakikanyagwa. Ridhaa ya mdomo huisha mwenye ardhi anapofariki au anapokosana na mwenyekiti.

Kwenye hatua hii hii, kabla hamjanunua hata kibao, nendeni ofisi za serikali zinazohusika mkaulize: kikundi kisajiliwe vipi, ardhi ya kilimo inaruhusiwa kupokea wageni wanaolipa, chakula na malazi vinahitaji leseni zipi, na bima ya kumlinda mgeni akiumia inapatikanaje. Majibu yaje kwa maandishi. Ni rahisi kubadilisha mpango kuliko kubomoa jengo.

Hatua ya 4: Tengenezeni ziara moja ya muda wa saa 3

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningependa mtumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Msianze na vyumba. Msianze na mgahawa. Anzeni na ziara moja, inayoanza asubuhi na kuisha mchana, mkaifanya hadi ikawa nzuri.

Chagueni zao moja au kazi moja mkaifuate kuanzia udongoni hadi mdomoni. Ziara inayoonyesha mazao 10 kwa dakika tano tano humchosha mgeni na haimwachii kitu. Nitumie mfano wa kahawa, kwa kuwa hatua zake zinaonekana kwa macho. Wenye maziwa, asali, zabibu au mpunga watabadilisha.

Wageni wakifika, wapewe maji ya kunywa, waonyeshwe choo na mahali pa kunawa, viatu vikaguliwe. Kisha kila mmoja apewe kikapu kidogo na kipande chake cha mstari. Kabla ya kuanza, mwenye shamba achume tunda moja bivu na kulibinya kwa vidole. Ngozi nyekundu inapasuka, mbegu mbili zinachomoka zikiwa na utelezi, na ndani ya ganda kuna utamu ambao wengi hawakuujua. Kila mgeni afanye hivyo hivyo kwa mkono wake. Halafu wachume kwa dakika 20, matunda mabivu tu, mabichi yabaki mtini.

Baada ya hapo leteni mizani. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Pimeni kikapu cha kila mtu, kisha mkulima apige hesabu mbele yao kwa sauti. Matunda kilo 6 hivi, yakimenywa, yakichachushwa, yakioshwa, yakikaushwa na kukobolewa, hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Ikikaangwa, inapungua uzito kwa kati ya asilimia 15 na 20. Kikombe kimoja kinakula kama gramu 10. Kwa hiyo aliyechuma kilo 1 amechuma vikombe vipatavyo 13, na bado hajamenya wala hajaanika. Mgeni aliyeinama dakika 20 na kuona kikapu chake kimejaa robo tu, hatabishana nanyi juu ya bei ya mfuko wa kahawa mwishoni mwa ziara. Mikono yake imeshamweleza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika utalii wa kilimo jembe anapewa saa ya kwanza, na amelilipia. Lakini kazi mnayompa iwe ya kweli, ndogo, na isiyoharibu. Kuchuma, kupalilia kipande kilichowekewa mipaka, kulisha mifugo kwa kipimo mlichokwisha kukitenga, kusaga, kupepeta. Kukata matawi, kupandikiza miche na kukamua ng'ombe mwoga ni kazi za mwenye ujuzi, mgeni atazame.

Anayeongoza awe anayelima. Mtu aliyekariri maelezo huishiwa pale swali la kwanza linapotoka nje ya alichokariri. Mkulima hajui kuishiwa akiulizwa habari za shamba lake. Mfundisheni tu kusimama mahali ambapo wote wanamsikia, kungoja wa mwisho afike kabla ya kusema, na kutofunika ugumu wa kilimo. Aseme wadudu waliokula msimu uliopita. Aseme bei aliyouzia. Wageni wa mjini wanaheshimu ukweli huo, na wengi wao hawajawahi kuusikia kutoka kwa aliyewalisha.

Kundi lisizidi watu 8 kwa mwongozaji mmoja. Pawe na kivuli na mahali pa kukaa angalau mara mbili njiani, maana watakuja wazee na wajawazito. Ziara iishie mezani, kwa kitu kilichotoka shambani hapo hapo, na bidhaa za kuuza ziwe karibu na meza, zimefungwa vizuri, bei imeandikwa. Msiwabembeleze kununua.

Kabla ya kupokea wanaolipa, ifanyieni majaribio. Kwanza majirani wenyewe, ambao watacheka na kusema yaliyokosewa. Kisha watu wachache wa mji wa karibu, bure, kwa sharti la kujibu maswali matatu: wapi ulichoka, wapi ulitaka kukaa zaidi, na ungelipa kiasi gani. Sikilizeni hasa la kwanza.

Hatua ya 5: Usalama wa mgeni, na usalama wa shamba

Watu wengi hufikiria kumlinda mgeni dhidi ya hatari za shamba. Kulilinda shamba dhidi ya anacholeta mgeni kuna uzito ule ule.

Anzeni na mikono. Mwaka 2009, katika shamba moja la kuonyesha wanyama huko Surrey, Uingereza, bakteria aina ya E. koli O157 waliwafanya watu 93 waugue, wengi wao watoto wadogo. Bakteria hao hukaa kwenye utumbo wa mifugo inayoonekana mizima kabisa, na hupita kwenye kinyesi, manyoya na uzio hadi kwenye vidole vya mtoto. Kinga yake ni maji yanayotiririka, sabuni, na sekunde 20 za kusugua. Dawa ya mikono ya jeli haitoshi kwa mikono yenye udongo na kinyesi. Pa kunawia pawe kati ya zizi na meza ya chakula, ili mtu asiweze kufika mezani bila kupita hapo, na pawepo bomba la kimo cha mtoto. Hakuna kula wala kunywa kwenye eneo la mifugo. Maziwa mnayowapa yawe yamechemshwa, hata kama nyumbani kwenu mnayanywa yalivyo.

Dawa za kuulia wadudu zinahitaji nidhamu zaidi bondeni, kwa sababu upepo na maji havijui mpaka. Kila lebo inaeleza muda wa kusubiri kabla ya watu kuingia tena shambani na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Kikundi kiwe na ubao ambapo kila kaya, pamoja na zisizopokea wageni, inaandika siku iliyopulizia na dawa iliyotumia. Mshika simu asiruhusu kundi kabla ya kuusoma ubao huo. Chupa tupu za dawa zisionekane popote, wala zisitumike kuwekea kitu kingine.

Sasa shamba. Udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu husafiri. Kuvu wa Fusarium anayenyausha migomba huenea kwa njia hiyo, na akishaingia anaweza kukaa ardhini miongo kadhaa. Hakuna dawa ya kumwondoa. Mlangoni pawepo brashi ya kukwangua soli, maji, na beseni la dawa ya kuua vijidudu inayobadilishwa mara kwa mara. Brashi itangulie dawa, kwa kuwa dawa haipenyi tope. Njia bora zaidi, kama mnaweza, ni kuwa na mabuti ya shamba ambayo mgeni anavaa akifika na kuyaacha akiondoka. Mgeni aulizwe pia kama ametoka kwenye shamba lingine siku chache zilizopita. Mabaki ya chakula, hasa nyama, yasitupiwe nguruwe, kwani homa ya nguruwe ya Afrika hupita humo.

Na muwe tayari kufunga. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza mwaka 2001, mifugo zaidi ya milioni 6 ilichinjwa, njia za miguu za vijijini zikafungwa, na biashara za wageni mashambani zikapigwa vibaya pamoja na wafugaji. Mfuko wa bonde uwe na akiba ya kuvuka miezi ya namna hiyo.

Mto nao. Mvua ikinyesha juu milimani, maji hufika chini kwa ghafla hata kama kwenu jua linawaka. Kila siku ya ziara, mtu wa juu ya bonde apige simu kwa mwongozaji kabla kundi halijavuka au kukaa ukingoni. Hili lisiachwe kwa kukisia.

Mambo mengine nayapitia haraka: wageni waulizwe mapema kama wana mzio wa nyuki au wa chakula; mizinga iwe mbali na njia na afunguaye awe mfugaji nyuki mwenyewe; mbwa wafungwe; visima na mashimo vifunikwe; mashine zizimwe na ufunguo utolewe; awepo mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na gari linalojulikana litakalompeleka majeruhi. Jueni pia ni sehemu zipi za bonde ambazo simu haishiki.

Hatua ya 6: Bei

Mkulima hukosea bei kwa kuhesabu chakula na kusahau kazi. Ziara ya wageni 8 kwa saa 3 inachukua saa 3 za mwongozaji, saa 3 za msaidizi, saa 2 za kuandaa meza, njia na vifaa, na saa 1 ya usafi baadaye. Jumla ni saa 9 za kazi, zaidi ya siku nzima ya mtu mmoja shambani. Kwa hiyo bei ya chini kabisa ya ziara nzima ni ujira wa siku moja na zaidi kwa kiwango cha kwenu, kuongeza vilivyoliwa na kunywewa, sabuni na maji, mazao yaliyoharibika, sehemu ya ukarabati wa choo na vifaa, kisha faida. Ada ya bonde ni juu ya hapo.

Angalia pia kwamba wakija wageni 3 badala ya 8, saa zinabaki karibu zile zile. Wekeni idadi ya chini, tuseme watu 4. Kundi dogo kuliko hapo lilipie watu 4 au lisubiri kuunganishwa na lingine. Chukueni malipo ya awali, na mweleze wazi yanarudishwa lini. Shule za jirani zipewe bei yao, siku zao. Watoto hao watarudi na wazazi.

Bidhaa za kuuza zina faida kubwa kuliko ziara yenyewe mahali pengi, kwa sababu mgeni ananunua kwa bei ya rejareja bila dalali katikati. Msiuze kitu ambacho bonde halikuzalisha. Mgeni akigundua asali yenu ilitoka kiwandani, hataamini tena hata mlichomwonyesha kwa macho.

Hatua ya 7: Kujitangaza

Kwa mwaka wa kwanza msiwaze wageni wa mbali. Familia za mji ulio umbali wa asubuhi moja, shule, vyuo vya kilimo, vikundi vya ibada na wafanyakazi wanaotafuta siku ya kupumzika ndio watakaojaza ziara na kuwafundisha kazi. Wekeni picha za kazi inayoendelea wiki hiyo, siyo picha ya machweo. Wekeni alama sahihi ya bonde kwenye ramani za simu, na maelezo ya barabara yanayotaja hali yake wakati wa mvua na gari gani linafika. Jibuni ujumbe siku hiyo hiyo. Picha za watu, na hasa za watoto wa bondeni, zisiwekwe bila ruhusa, na wageni waambiwe hivyo mapema.

Hatua ya 8: Vyumba, baadaye

Subirini angalau msimu mmoja kamili. Wageni wenyewe watauliza kama wanaweza kulala. Wakiuliza wengi, hapo mna sababu.

Tumieni nyumba zilizopo. Mtandao wa nyumba za wageni vijijini uitwao Gîtes de France, ulioanzishwa Ufaransa mwaka 1955, ulikua kwa kutengeneza nyumba za vijijini zilizokuwa tayari zimesimama, na fedha ya wageni ikasaidia nyumba zisianguke. Chumba safi chenye kitanda kizuri, chandarua pale penye mbu, taa, kufuli na choo kisichonuka kinamtosha mtu aliyekuja kwa ajili ya shamba. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima, mfereji na mto, na kiwe upande wa chini wa kisima.

Pigeni hesabu kabla ya kukopa. Tuseme kutengeneza chumba kunagharimu sawa na faida ya usiku 400. Kikipata wageni usiku 2 kwa wiki, fedha itarudi baada ya karibu miaka 4. Kama riba ya mkopo haivumilii miaka 4, tengenezeni chumba kimoja kwa fedha mlizonazo, kingine kisubiri. Vyumba vikiwa vichache na vimetawanyika kwenye kaya nyingi, bonde halibadiliki sura, na faida haikusanyiki kwa mtu mmoja.

Hatua ya 9: Mkutano wa mwisho wa msimu

Msimu ukiisha, kutaneni na daftari zote mezani. Someni kwa sauti: wageni wangapi kwa kila shamba, fedha ya mfuko imeingia kiasi gani na imetengeneza nini, saa za wageni dhidi ya saa za shamba, mavuno yamepanda au yameshuka, na malalamiko ya majirani wasiopokea wageni. Hayo ya mwisho yaanze, kabla watu hawajachoka.

Kisha pangeni idadi ya juu ya wageni kwa siku kwa bonde zima msimu ujao. Itazameni njia kwanza: ikiwa imechimbika na maji yameanza kuifanya mtaro, idadi ya mwaka huu ilikuwa kubwa mno kwa njia hiyo, hata kama fedha ilikuwa nzuri. Ama punguzeni, ama mfungue njia ya pili na kuipumzisha ya kwanza hadi majani yashike. Idadi mliyokubaliana iandikwe kwenye katiba, na mshika simu apewe mamlaka ya kusema siku imejaa bila kuuliza mtu.